Mwauo wa Maandishi katika Vyuo Vikuu Vichanga: Kutoka Orodha hadi Hoja

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba udhaifu unaolalamikiwa sana katika tasnifu za Kiswahili hauko hasa katika sarufi wala tahajia, bali katika namna tunavyojenga hoja. Mahali unapojitokeza bayana ni katika mwauo wa maandishi.

Mnamo mwaka wa 2013, vyuo vishiriki kadhaa nchini Kenya, vikiwemo Pwani, Kisii, Laikipia na Karatina, vilipewa hati na kuwa vyuo vikuu kamili. Elimu ya juu ikasogea karibu na nyumbani, nalo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, katika vyuo vya aina hii Kiswahili aghalabu huwekwa katika idara moja na lugha nyingine, wahadhiri huwa wachache, na msimamizi hujikuta na rasimu nyingi mezani kuliko saa alizo nazo. Mwanafunzi aliyemaliza kozi za darasani hukwama kwenye pendekezo la utafiti, muhula baada ya muhula, hadi karo inapomshinda.

Chanzo, kwa maoni yetu, ni cha awali zaidi. Katika karatasi ya fasihi ya KCSE, mtahiniwa huulizwa aeleze muktadha wa dondoo kwa alama 4: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Akiulizwa ajadili maudhui, huorodhesha hoja na mifano, na kila hoja huhesabiwa. Ni utaratibu wa haki kwa kiwango hicho. Lakini humzoeza mwanafunzi kudhani kuwa hoja ni kitu cha kuhesabiwa, si cha kutetewa. Chuoni hukuta kozi ya stadi za mawasiliano, ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza katika ukumbi uliojaa pomoni. Humo huonyeshwa mahali pa kuweka mwaka na nukta. Namna ya kutofautiana na mtaalamu kwa Kiswahili chenye adabu haimo.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi anatafiti mashairi huru yanayoghanwa jukwaani kwa ala za muziki. Huenda akaandika hivi: “Abedi (1954) ameandika kuhusu sheria za kutunga mashairi. Mulokozi na Kahigi (1979) wameandika kuhusu kunga za ushairi. Kazi hizi zitatufaa katika utafiti wetu.” Hakuna kosa la lugha hapo. Hakuna hoja pia. Zitatufaa kwa lipi? Sentensi hiyo ya mwisho imezagaa katika mapendekezo yetu kama kwekwe shambani, na ningependa idara ziipige marufuku.

Sasa tulinganishe: “Abedi (1954) anashikilia vina na mizani, na anaufungamanisha ushairi na kuimbika. Mulokozi na Kahigi (1979) hawakubali kuwa vina na mizani ndio uti wa mgongo wa ushairi. Mashairi tunayoyachunguza hayana vina wala mizani, ilhali yanaghanwa na kuimbwa. Yaani yanalivunja sharti moja la Abedi na kulitimiza jingine. Utafiti huu unauliza iwapo masharti hayo mawili yanaweza kutenganishwa.” Vitabu ni vile vile viwili. Kilichobadilika ni kwamba vimeketishwa pamoja vikazungumza, na mtafiti akapata pengo lake kati yao. Swali la utafiti limezaliwa ndani ya mwauo wenyewe.

Wenzetu wengi huogopa hatua hii wakidhani kumhoji mtaalamu ni utovu wa adabu kwa mkubwa. Lugha yetu haijatunyima njia. Tunaweza kuandika “yaelekea”, “twakubaliana naye kuhusu hili, ila”, au “maelezo yake hayagusii”. Hiyo ni lugha ya kitaaluma, nayo hujifunzwa kwa kuitumia mbele ya msomaji.

Msomaji huyo ndiye anayekosekana, na si lazima awe mhadhiri. Tunapendekeza makundi ya wanafunzi wanne au watano, wakutane kila wiki, kila mmoja akileta ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Wenzake wasihangaike na tahajia. Pale wasipoona hoja, waandike pambizoni maneno mawili tu: “Kwa hivyo?” Mwandishi asijitetee kwa mdomo, akaandike upya. Ukurasa mmoja waonekana mchache, lakini ndio unaosomeka kwa makini kabla ya saa kwisha. Mhadhiri tutamwomba saa moja kwa muhula, aje na pendekezo lililopita, kwa idhini ya aliyeliandika, aonyeshe lilivyosahihishwa tangu rasimu ya kwanza. Wengi wetu hatujawahi kuona rasimu mbaya ya mtu aliyefaulu.

Makundi haya yana faida nyingine siku hizi. Programu za akili bandia huweza kutoa mwauo mzima kwa dakika moja, wakati mwingine ukiwa na marejeleo ya vitabu visivyokuwepo. Mwenzako anayekuomba umwonyeshe ukurasa ulikosoma dai fulani atakugundua mapema kuliko watahini.

Wapo wanaohofu kuibiwa mada. Hofu hiyo ina msingi, hasa panapokuwa na mada chache zinazopendwa na kila mtu. Dawa yake ni daftari katika ofisi ya idara: kila mwanachama aandike mada yake na tarehe, atie sahihi, ndipo apeleke ukurasa wake wa kwanza kwenye kundi.