Mafunzo Sita Niliyopata Tulipoandaa Tuzo ya Kumuenzi Mtumishi wa Kijiji

Nakapanya ni kata ya wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kilomita zipatazo 66 mashariki ya mji wa Tunduru, kwenye barabara iendayo Mangaka na Masasi. Wengi wetu tunaishi kwa korosho na mpunga. Mengi yanayokifanya kijiji kisimame hufanywa na watu wasio na mshahara: wenyeviti wa vitongoji, wajumbe wa kamati za maji na za shule, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vijana wanaokesha kufukuza tembo mashambani. Alipofariki mmoja wao, mama aliyekuwa mhudumu wa afya kwa miaka mingi, baadhi yetu tuliona asisahaulike. Tukaanza kuandaa tuzo ya kila mwaka kwa jina lake, apewe mtu anayejitolea kama alivyojitolea yeye. Mimi nilikuwa katibu wa kamati. Ninayaandika haya kwa ajili ya kijiji chochote chenye nia kama yetu.

1. Anzeni na wafiwa

Jina la marehemu lina wenyewe. Kabla ya kumwendea mtendaji wala diwani, tulikwenda kwa mjomba, kwa kuwa kwetu Wayao mjomba ndiye msemaji wa ukoo. Yeye na watoto wa marehemu walitupokea vizuri, wakatupa masharti: hitima isomwe kwanza, picha ya mama yao isichapwe kwenye fulana, na jina lake lisitumike kuomba michango bila wao kujua. Tuliyaandika masharti hayo kwenye muhtasari na kuyasaini. Tangu hapo familia haikuwa mgeni mwalikwa bali mwenye shughuli, na hilo lilitupa heshima ambayo barua yenye muhuri isingetupa.

2. Tajeni kazi, acheni sifa za jumla

Rasimu ya kwanza ya vigezo ilijaa maneno kama mpole, mwadilifu, mpenda watu. Mzee mmoja alituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Onyo lake lilitusaidia. Tulikaa tukaorodhesha alichokifanya marehemu: alipita nyumba kwa nyumba, aliwahimiza wajawazito kwenda kliniki mapema, aliandika kwenye daftari watoto waliokosa chanjo na kuwafuatilia hadi wapate, aliwaonyesha watu namna ya kutundika vyandarua. Orodha hiyo ndiyo ikawa kipimo. Sifa ya jumla humlevya mtu, lakini kazi iliyotajwa waziwazi humkumbusha aliyeshinda kwamba kesho wananchi wataitazamia tena.

3. Siku ifuate kalenda ya wakulima

Lilitolewa pendekezo tuitoe tuzo tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wanaojitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Ni siku njema, lakini Desemba huku ndiyo mvua zinaanza, watu wako mashambani, na wengine bado wanafuatilia malipo ya korosho kwenye vyama vya msingi. Tukakubaliana iwe baada ya mavuno ya mpunga, barabara zikiwa kavu na kila nyumba ikiwa na chakula.

Hata hivyo siku lazima iwepo, na isihamehame. Pale Songea, kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Kumbukumbu hiyo ina mahali pake na tarehe yake, ndiyo maana hata mtoto wa shule anaijua. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo ilitoa washindi wake wa kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku aliyozaliwa Mwalimu.

4. Wananchi wapendekeze, na wafanye hivyo hadharani

Hapa ndipo tuzo nyingi huharibika. Kamati ikijifungia ndani, mshindi ataonekana ndugu wa mtu hata kama anastahili. Tulipeleka jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria. Kila kitongoji kilileta majina yake, na kila jina lililetwa na mtu aliyehudumiwa, aliyesimama akaeleza alichotendewa. Yakatokea majina ambayo kamati isingeyafikiria: mama anayefungua kituo cha maji alfajiri na kutunza hesabu zake, kijana anayebeba wagonjwa kwa pikipiki yake usiku bila kuuliza nauli.

Tuliweka pia sharti kwamba anayegombea uongozi asipendekezwe mwaka huo. Uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, unaweza kuigeuza shukrani kuwa kampeni.

5. Zawadi imsaidie kufanya kazi, wala isichukue nafasi ya haki yake

Kikombe hukaa kabatini. Mhudumu wa afya anahitaji baiskeli, mwanakamati wa maji anahitaji spana, mlinzi wa mashamba anahitaji tochi na buti. Wilaya yetu imo katika ushoroba wa wanyamapori unaounganisha eneo la Selous na hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, na askari wa wanyamapori wa vijiji wanaijua hatari ya njia hiyo. Wayne Lotter, mmoja wa waanzilishi wa shirika la PAMS lililofanya kazi na askari hao mkoani Ruvuma, aliuawa jijini Dar es Salaam mwezi Agosti 2017. Wenzake walimuenzi kwa kuiendeleza kazi, na sisi tulichukua mfano huo.

Lakini baiskeli si posho. Anayejitolea naye ana watoto wa kulisha. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopewa mafunzo rasmi na posho, na hiyo ndiyo njia ya haki. Tuzo iwe shukrani juu ya stahili. Kiongozi asiitumie kunyamazisha wanaodai wanachostahili.

6. Andikeni

Mkoa wetu una historia kubwa ya uongozi wa kujitolea ambayo vijana wengi hawaijui. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Walilima pamoja, wakaamua mambo yao mkutanoni, wakajenga shule iliyoendana na maisha ya kijiji. Kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji kadhaa na kumvutia Mwalimu Nyerere mwenyewe, hadi TANU ilipokivunja mwaka 1969. Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi na kufanya kazi nao, alichapisha kitabu kuhusu vijiji hivyo mwaka 2014. Bila maandishi ya watu kama yeye, mengi yangekwenda na wazee.

Kwa hiyo tulinunua daftari gumu, likawekwa ofisi ya kijiji. Kila anayependekezwa, hata asiposhinda, huandikwa jina lake, kitongoji chake na kazi aliyofanya. Kwangu mimi daftari hilo ni kubwa kuliko zawadi yoyote.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Ninakusihi, ndugu msomaji: kama kijijini kwako yupo aliyetumikia watu hadi kufa, muenzi kwa kumtunza anayeifanya kazi hiyo leo. Lipeleke jina lake kwenye mkutano wa kijiji unaofuata, na umshukuru yungali hai.