Kupwa na Kujaa kwa Galaksi

Mvuvi wa Moa, kaskazini ya Tanga, ajua kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba mwezi uandamapo au uwapo mpevu huja bamvua. Mwanafunzi aulizwapo sababu hujibu: "Mwezi huvuta maji." Jibu hilo halitoshi. Jua huivuta dunia kwa kani inayozidi ile ya mwezi mara 180 hivi, lakini mwezi ndio utawalao bahari.

Kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto. Upande wa dunia ulioelekea mwezi huvutwa zaidi kuliko kiini, na kiini zaidi kuliko upande wa pili. Ndiyo maana maji hujaa mara mbili, si moja. Mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, bali tofauti hiyo hupungua kwa mchemraba wake. Tungamo la jua ni mara milioni 27 ya lile la mwezi, na umbali wake ni mara 390. Mwalimu na agawe ubaoni 27,000,000 kwa 390 × 390 × 390. Jibu ni 0.46 hivi: jua hufanya chini ya nusu ya kazi ya mwezi.

Kanuni hiyohiyo hutawala galaksi. Galaksi ndogo izungukapo kubwa hurefushwa na tofauti ya mvuto. Bahari yetu haitoroki, kwa kuwa dunia yaishika barabara. Galaksi ndogo haina mshiko huo, na nyota zake za ukingoni huponyoka. Zilizotokea upande wa ndani zina njia fupi, hivyo hutangulia. Za upande wa nje hubaki nyuma. Mikia hiyo miwili huzidi kurefuka kila mzunguko.

Mwaka 1994 Ibata, Gilmore na Irwin waligundua galaksi ya namna hii nyuma ya nyota za Kausi, zionekanazo vyema pwani yetu usiku wa Agosti. Yenyewe haionekani kwa macho. I umbali wa miaka ya nuru 80,000 hivi. Mwaka 2003 Majewski na wenzake walionyesha kuwa mikia yake imeizingira galaksi yetu yote.

Mikia hii ni mizani: mpindo wake hupima hata mata isiyong'aa. Mkia mwembamba uitwao GD-1, uliogunduliwa mwaka 2006, una mapengo yaliyodhihirishwa na vipimo vya chombo Gaia, kilichorushwa mwaka 2013 na kumaliza kazi mwaka 2025. Wako wasemao kuwa donge la mata hiyo lilipita hapo. Kwa maoni yangu dhana hiyo ina nguvu, ila pengo moja au mawili ni ushahidi mchache mno.