SOMO LA KAZI: MOFINI NA DAFTARI LAKE (UGANDA)



Wengi wetu tulifundishwa kuiogopa mofini. Imo katika Mapatano ya Kimataifa ya mwaka 1961, na chupa isipolingana na daftari, wa kwanza kuulizwa ni mwuguzi wa zamu. Lakini anayeumizwa na woga wetu ni mgonjwa wa kansa aliyelala kijijini bila usingizi.

Wenzetu wa Uganda walirekebisha kanuni yenyewe. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993 na Dakta Anne Merriman, ikatumia mofini ya maji, ya kunywa, ambayo ni rahisi kutengeneza. Tatizo likawa nani aiandike, maana madaktari ni wachache. Mwaka 2004 mwuguzi au tabibu aliyehitimu mafunzo maalum ya kutuliza maumivu aliruhusiwa kuiandika. Liangalieni neno "aliyehitimu". Cheo peke yake hakitoshi. Mkubwa akikuamuru uandike bila mafunzo hayo, sahihi itakayosomwa ni yako, si yake.

Sasa hesabu, kwani hapa ndipo mgonjwa wa muda mrefu hukosewa. Mathalan ameandikiwa mililita 5 kila baada ya saa nne: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anywe mara mbili ili alale hadi alfajiri. Hiyo ni mililita 30 kwa siku. Chupa ya mililita 500 itamfikisha siku 16 na kidogo. Ukimwambia arudi baada ya mwezi, umemhukumu kuteseka wiki mbili. Mwandikie arudi siku ya 14, na umpe pia dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo.

Katika daftari andika tarehe, jina, kiasi kilichotoka na kilichobaki, papo hapo, si mwisho wa zamu. Ukikosea usifute: piga mstari mmoja, andika upya, tia sahihi. Daftari la namna hiyo ndilo shahidi wako siku ya kuulizwa.

Mgonjwa akifariki, jamaa warudishe chupa. Pima kilichobaki mbele ya mtumishi wa pili, nyote wawili mtie sahihi, na aliyeileta apewe karatasi ya kupokelewa.