Moto wa Chini, Moshi wa Juu: Somo Kuhusu Dakti za Hewa Katika Majengo ya Ghorofa



Miji yetu ya mpakani inakua kwa kupanda juu. Palipokuwa na vibanda vya mabati sasa pamesimama majengo ya ghorofa tatu, nne, hata sita. Chini kuna mkahawa na maduka, katikati ofisi za mawakala wa forodha, na juu vyumba vya wapangaji pamoja na nyumba za kulala wageni, ambamo madereva wa malori na wachuuzi hulala usiku mmoja na kuondoka alfajiri. Maendeleo haya tunayafurahia. Hata hivyo, katika somo la toleo hili tunawaomba mtazame sehemu moja ya majengo hayo ambayo ni nadra kutazamwa: shimo la wima linalotoa hewa chafu ya majiko na vyoo hadi paani. Mafundi wetu huliita dakti, nasi tutalitumia jina hilo.

Tukio lililotufunza

Katika mji mmojawapo wa mpakani, mafuta ya kukaangia yaliwaka moto katika jiko la mkahawa wa ghorofa ya chini. Wapishi hawakupoteza muda. Walizima gesi, wakafunika karai, na baada ya dakika chache moto ulikuwa umekwisha. Watu walipongezana, meza zikafutwa, wateja wakarudi kuketi. Hakuna aliyepiga simu, wala hakuna aliyepanda ngazi.

Karibu robo saa baadaye mlinzi alisikia mtoto akilia ghorofa ya nne. Mama mmoja aliyekuwa safarini na wanawe wawili alikutwa amelegea sakafuni, hajitambui, na chumba kimejaa moshi. Moshi ulikuwa umepanda katika dakti ya jiko, ukapenya tundu lililoachwa wazi na fundi bomba, ukaingia dakti ya vyoo na kutokea katika kidirisha cha bafu lao. Wote watatu walipona, nasi tunamshukuru Mungu. Tulipomuuliza mama yule kwa nini hakuita msaada mapema, alitoa sababu mbili. Kwanza, alidhani ni moshi wa kawaida wa mapishi. Pili, hati yake ya kusafiria ilikuwa imekwisha muda wake, akaogopa kwamba akipiga kelele watakuja askari.

Sababu hizo mbili ndizo zilizotusukuma kuandika somo hili. Ya kwanza inatokana na kutojua jinsi jengo linavyopumua. Ya pili inatuhusu sisi wenyewe, na tutairejea kabla ya kumaliza.

Kwa nini moshi hupanda

Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo hupanda. Ikikuta nafasi pana, hutawanyika na kupoa. Ikikuta shimo jembamba na refu, huvutwa juu kwa nguvu, kama ilivyo katika dohani ya tanuri la mikate. Ndani ya shimo la namna hiyo moshi wa moto huweza kupanda mita kadhaa kwa kila sekunde. Jengo la ghorofa sita lina kimo cha mita 18 hivi. Moshi huumaliza mwendo huo kabla mtu aliyelala hajaamka na kuvaa viatu.

Ukifika paani na kukuta tundu la kutokea liko wazi, moshi mwingi hutoka nje. Lakini mara nyingi sisi tunaokagua majengo hukuta tundu hilo limefunikwa kwa mabati ili mvua isiingie, au limekalishiwa tangi la maji, au limezibwa kabisa pale mwenye jengo alipoongeza ghorofa nyingine bila kuiendeleza dakti. Hapo moshi hurudi na kutafuta njia nyingine, nayo ni vidirisha vya bafu na majiko ya wapangaji wa juu. Ndiyo maana anayeathirika huwa hajauona hata mwali mmoja wa moto.

Katika moshi huo imo hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo kuuzuia mwili kupata hewa safi. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, na wengi wetu huzidhani kuwa malaria au uchovu wa safari. Watu wawili au watatu wa chumba kimoja wakipatwa na dalili hizo kwa pamoja, msisubiri kupima homa. Tokeni nje kwenye hewa safi, kisha nendeni hospitali.

Somo kutoka mbali

Msidhani kwamba balaa hili ni la majengo duni tu. Tarehe 21 Novemba 1980, moto ulizuka katika mkahawa wa ghorofa ya chini wa hoteli ya MGM Grand, mjini Las Vegas, Marekani. Ulianza kwa hitilafu ya umeme ndani ya ukuta, kisha ukaenea katika ukumbi wa michezo ya kamari. Miali ya moto ilibaki sehemu za chini za jengo. Moshi, kwa upande wake, ulipanda kupitia mashimo ya lifti, ngazi, nafasi zilizo kati ya kuta na mfumo wa hewa. Watu 85 walikufa, na wengi wao walikuwa ghorofa za juu, mbali sana na mahali palipowaka. Hoteli ile ilikuwa na fedha na wahandisi. Lililokosekana lilikuwa vizuizi vya kuutenga moshi wa chini na pumzi za waliolala juu.

Kinga nne za dakti

Kinga ya kwanza ni ukuta wa dakti wenyewe. Ujengwe kwa tofali au zege na kupigwa plasta, usijengwe kwa mbao wala mbao za kubandika. Ukuta wa tofali la kuchoma uliojengwa vizuri huweza kuhimili moto kwa saa moja au zaidi, ilhali mbao nyembamba huungua kwa dakika chache na kuufungulia moto njia ya kila ghorofa.

Kinga ya pili ni kuziba matundu. Kila bomba la maji na kila waya wa umeme unaotoboa ukuta wa dakti huacha nafasi pembeni. Nafasi hiyo izibwe kwa saruji pande zote. Bomba la plastiki linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa likiyeyuka huacha tundu la ukubwa wake lenyewe. Kwa mabomba hayo ipo pete maalumu inayovimba kwa joto na kulifunga tundu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jambo hili, ufa usiozibwa unaweza kuchimbisha kaburi.

Kinga ya tatu ni kuuzuia moshi usiingie katika vyumba vya juu. Njia mojawapo ni kilango cha chuma kinachowekwa pale tawi la chumba linapoungana na dakti. Hushikiliwa wazi na kipande cha madini kinachoyeyuka joto likifika nyuzi 70 hivi, na hapo kilango hujifunga chenyewe. Wasomaji waelewe kwamba moshi uliokwisha kupoa huweza kupita kabla kilango hakijafunga. Njia nyingine ni kulipandisha tawi la kila chumba ndani ya dakti, kiasi cha sentimita 56 au zaidi, kabla halijamwaga hewa yake, huku feni ya paani ikivuta bila kukoma. Moshi unaopanda hupita juu ya mdomo wa tawi, na huwa vigumu kwake kugeuka na kushuka chumbani. Njia hii hutegemea feni, kwa hiyo umeme ukikatika nayo hudhoofika.

Kinga ya nne ni kulitenga jiko la biashara. Mkahawa uwe na dakti yake peke yake, ya chuma, iliyozungushiwa ukuta usioungua, na isiunganishwe kamwe na dakti ya vyoo vya wapangaji. Ndani ya dakti hii kile kilango cha chuma hakitakiwi, kwa sababu mafuta hukigandisha kikashindwa kufunga. Kinachotakiwa ni usafi. Mafuta yaliyoganda ndani ya dakti ni kuni zilizokwisha kupangwa, zinazongoja cheche tu. Mwongozo wa chama cha Marekani cha kinga ya moto, NFPA, unataka dakti ya jiko la kuni au mkaa ikaguliwe kila mwezi, na ya jiko la gesi au umeme lenye kazi nyingi kila baada ya miezi mitatu. Ikikutwa na mafuta, isafishwe papo hapo.

Wajibu wa kila mmoja

Mwenye jengo ajue kwamba dakti ni ya wote, na jambo la wote lisipopewa mwenyewe huachwa. Amteue mtu wa kuikagua, aliache wazi tundu la paani huku akilikinga mvua kwa kofia iliyoinuliwa, na akitaka kuongeza ghorofa aombe kibali kabla ya kuleta fundi.

Mwenye mkahawa awafunze wapishi wake mambo manne: mafuta yakiwaka, zima gesi, zima feni ya kutoa moshi, funika karai, na usimwage maji kamwe. Feni ikiachwa huvuta miali kuingia ndani ya dakti.

Mwenye jenereta asiiweke chini ya dakti wala karibu na vidirisha vya hewa. Jenereta hutoa ile hewa ya sumu bila moto wowote kuonekana, na usiku umeme unapokatika ndipo wageni wanapokuwa wamelala.

Mpangaji asitupe taka ndani ya dakti, asipitishe humo waya wa kuibia umeme, wala asiunganishe feni ya jiko lake na tundu la choo. Tena ajipimie mwenyewe. Chukua kipande cha karatasi laini, kisogeze kwenye kidirisha cha bafu. Kikivutwa kuelekea ukutani, dakti inafanya kazi. Kikisukumwa kuelekea kwako, hewa ya jirani inaingia kwako, na siku ya moto utakaoingia ni moshi wake. Mwarifu mwenye jengo. Akikaa kimya, mwarifu mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu.

Moshi ukiingia chumbani

Funga mlango wa bafu, weka taulo lililoloweshwa chini yake, waamshe waliolala na piga simu. Ngazi zikiwa safi, shukeni mkiwa mmeinama, mkifunga kila mlango nyuma yenu, na msitumie lifti. Ngazi zikiwa zimejaa moshi, rudini katika chumba chenye dirisha la nje, zibeni nafasi za mlango kwa nguo mbichi, fungueni dirisha na kupunga kitambaa ili muonekane.

Na kwa walio chini tunasisitiza: moto ukizimwa jikoni, kazi haijaisha. Pigeni simu hata kama miali imekwisha. Waiteni wa juu kwa simu na kwa sauti, hesabuni wageni kwa kitabu cha mapokezi, na msitangaze usalama mpaka kila chumba kiwe kimejibu. Pale penye moshi mzito msiingie wenyewe. Waachieni wenye vifaa.

Kuhusu hofu ya kuita msaada

Sasa tunairejea sababu ya pili ya mama yule. Hapa Uganda zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi. Kwa jirani zetu wa Kenya, huduma hiyo iko chini ya serikali za kaunti. Katika nchi zote mbili namba za dharura ni 999 na 112. Tunajua kwamba mtu anayevuka mpaka bila hati kamili huiona sare yetu na kurudi nyuma, na tunajua pia kwamba baadhi ya wenye nyumba za wageni hawawaandiki wageni wa namna hiyo kitabuni. Matokeo yake, siku ya moto hatujui tumtafute nani, wala ghorofa ya ngapi.

Tunasema wazi: anayekuja kuzima moto haulizi hati ya kusafiria. Swali lake ni moja tu, kwamba juu kuna nani. Masuala ya hati yana ofisi zake na wakati wake, na hayo hushughulikiwa mtu akiwa hai. Andikeni kila mgeni. Iteni mapema.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika jengo mnaloishi au kufanyia kazi, dakti inaanzia wapi, na tundu lake la paani liko wazi?

2. Ni nani aliyepewa kazi ya kuikagua, na mara ya mwisho aliikagua lini?

3. Moto ukizuka jikoni usiku, nani atawaamsha waliolala juu, na atajuaje idadi yao?

Kundi litakalokosa jibu la swali lolote lisione haya kutualika. Tutakuja kulitazama jengo pamoja nanyi, kabla hatujaitwa na moshi.