Gari Limezama Mbugani: Uchague Winchi Gani?

Lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi imewapunguzia madereva wa Simiyu adha nyingi. Lakini iache lami, shika njia ya kijijini Meatu, Itilima au Busega siku mvua imenyesha, na hapo uko juu ya udongo wa mbuga. Ni udongo uleule mweusi unaoupa mkoa huu pamba yake. Kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiatu. Ukilowa unavimba, unashika tairi na kukataa kuachia. Magari ya chanjo, ya maofisa ugani, ya wanunuzi wa pamba na ya askari wa wanyamapori wa Pori la Akiba la Maswa, yote yanapita humo. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wenye magari hayo.

Swali: Shikamoo fundi. Nina Land Cruiser mkonga ya kazi. Dukani wananionyesha winchi ya pauni 9,500 na nyingine ya 12,000. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba. Chukua ya 12,000. Kanuni ya kawaida ni kuchukua uzito wa gari likiwa limejaa mzigo, mafuta na watu, kisha kuuzidisha mara moja na nusu. Mkonga iliyopakiwa inapita tani 3. Ukizidisha unapata tani 4.5 na zaidi. Winchi ya pauni 9,500 ni kilo 4,309 tu. Ya 12,000 ni kilo 5,443.

Ila usiiamini sana namba iliyoandikwa kwenye boksi. Nguvu hiyo hupatikana waya ukiwa umebaki safu ya kwanza tu kwenye pipa la winchi. Kila safu inayojizungusha juu yake inapunguza nguvu, na pipa likikaribia kujaa unaweza kuwa umepoteza karibu theluthi moja. Watu wengi hufanya kinyume: wanafunga kwenye kitu kilicho karibu kabisa, wanatoa mita tano za waya, kisha wanalaumu winchi kwamba ni dhaifu. Toa waya mrefu, ila mizunguko mitano ya mwisho ibaki kwenye pipa. Ukitumia kamba ya sintetiki, bakiza minane hadi kumi.

Swali: Kwa hiyo nikiwa na ya 12,000 nitatoka popote?

Jibu: Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Gari lililo juu ya ardhi ngumu linavutika kwa nguvu ndogo kuliko uzito wake. Kwenye tope hesabu inageuka. Wanajeshi wanaofanya kazi ya kunasua magari hukadiria hivi: tope likifika usawa wa magurudumu, tope peke yake linakinza kwa nguvu sawa na uzito wa gari, likifika kwenye madigadi, mara mbili, likifika kwenye kabini, mara tatu. Mkonga ya tani 3 iliyozama hadi madigadi inadai tani 6. Winchi yako ina 5.4, tena kwenye safu ya kwanza.

Dawa yake ni puli. Unafunga puli kwenye nanga (mti au kitu kingine imara), unapitisha waya, unarudisha ndoano kwenye gari lako mwenyewe. Nguvu inakaribia kuwa mara mbili, mwendo unashuka nusu, na kwa kuwa waya mwingi umetoka, unafanya kazi kwenye safu za chini zenye nguvu. Mtu akiniambia fedha yake inatosha winchi kubwa bila puli, au winchi ya kati pamoja na puli, mikanda na shako nzuri, namwambia achukue ya pili bila kusita.

Na kabla ya kubonyeza kitufe, chimba. Toa tope mbele ya kila tairi na chini ya ekseli. Chepe na jembe vinaondoa ule mnyonyo ambao mota ingehangaika nao mpaka iungue. Nusu saa ya kuchimba ni kazi ya kuchosha, najua, lakini sijaona kifaa cha kuchukua nafasi yake.

Swali: Sisi huku Meatu ni tambarare tupu. Mti wa kufunga waya uko wapi?

Jibu: Hilo ndilo swali la Simiyu hasa, na ajabu ni kwamba wauzaji hawaliulizi kamwe. Usukuma ulifyekwa miti mingi enzi za ukoloni ili kuwafukuza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba na mifugo. Mradi wa kuhifadhi ardhi, HASHI, ulioanza 1986 ulifufua ngitili nyingi, yaani malisho yaliyotengwa, katika eneo ambalo wakati huo lilikuwa Mkoa wa Shinyanga, lakini bado utasafiri kilomita kadhaa bila kuona shina la kushika tani tano.

Basi nanga utaitengeneza mwenyewe, kwa tairi la spea. Nenda mbele ya gari, mahali ardhi ilipoinuka na isipotuamisha maji. Chimba shimo refu lililokingama na upande wa kuvutia, kina chake kiweze kumeza tairi likiwa limesimama. Pitisha mkanda kwenye tundu la katikati ya rimu na uufunge kwenye chuma au mti mgumu uliokaa nyuma ya rimu. Kisha chonga mfereji mwembamba wa kutokea mkanda, ukipanda polepole kuelekea gari. Mfereji huu usiudharau: mkanda ukitoka shimoni umesimama wima, utalinyanyua tairi juu badala ya kulivuta dhidi ya ukuta wa udongo. Fukia, shindilia kwa miguu, halafu anza kuvuta taratibu huku ukiangalia kama ardhi inapasuka.

Ukipata gari lingine au trekta ni rahisi zaidi, ila liwe limewekewa vizuizi vizito mbele ya matairi. Na ukibahatika kuona mbuyu au mkwaju, usizungushe waya mtupu kwenye gome lake. Tumia mkanda mpana, ufunge chini karibu na mizizi. Miti tuliyobakiwa nayo ni michache mno kuichuna gome kwa ajili ya safari moja.

Swali: Waya wa chuma au kamba ya sintetiki?

Jibu: Waya unavumilia mchanga, jua na dereva asiyejali. Kamba ni nyepesi, haina nyuzi za kuchoma viganja, na ikikatika hairuki kwa ukali ule wa waya. Adui zake ni jua, joto na chembe za mchanga zinazojipenyeza ndani na kuikata polepole. Gari la ofisi linaloendeshwa na madereva wengi, nafunga waya. Gari lenye mwenyewe anayeweza kuiosha kamba kila baada ya tope na kuifunika, nafunga kamba. Ukihama kutoka waya kwenda kamba, badilisha na mdomo wa kupitishia, kwa sababu roli zilizokwisha chubuliwa na waya zitaila kamba mpya.

Swali: Winchi ya jirani inavuta dakika mbili gari linazima. Tatizo ni betri?

Jibu: Mara nyingi ndiyo. Winchi ya volti 12 ikivuta kwa nguvu zake zote inaweza kula ampea 400 na zaidi. Hakuna alteneta ya kawaida inayotoa hizo. Zinatoka kwenye betri. Injini iwe inaunguruma muda wote, betri iwe nzima na nene, nyaya ziwe fupi na zimebanwa vizuri. Vuta kidogo, pumzika, gusa mota. Ikiwa ya moto mno kuishika, ngoja.

Na kabla hujalipa, fungua boneti uhakikishe volti. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani zina mfumo wa volti 24. Winchi ya volti 12 kwenye umeme huo itaungua. Uliza pia aina ya mota: zile za sumaku zinakula umeme kidogo lakini huchoka haraka zikipata joto, hivyo kwa kazi ndefu ya tope napendelea zile za koili.

Swali: Gari likikwama kijiji kizima kinakuja kuangalia. Kuna hatari?

Jibu: Kubwa sana, na naomba hapa unisikilize kuliko mahali pengine popote. Msaada wa wanakijiji ni baraka wakati wa kuchimba na kusukuma. Waya ukishakaza, kila mtu aondoke, kwanza watoto. Umbali uwe mara moja na nusu ya urefu wa waya uliotoka, na asiwepo mtu wa kuuruka wala kuukalia. Mteue mtu mzima mmoja anayeheshimika hapo, mwambie kazi yake ni kuzuia watu tu. Weka gunia lenye udongo au koti zito katikati ya waya ili ukikatika ulale chini. Kamwe usifunge kwenye ile boli ya mviringo ya kuvutia trela. Ikikatika inaruka kama risasi.

Swali: Winchi iko mbele. Nikitaka kurudi nilikotoka je?

Jibu: Umeuliza vizuri, maana mara nyingi njia ya salama iko nyuma yako. Kama umesimama ukingoni mwa mto wa msimu na maji yanapanda, Duma au Simiyu, usivuke kwa kutegemea winchi. Haishindani na mafuriko. Kwa kazi ya kurudi nyuma ninashauri winchi ya mkono, ile ya tirifo. Ya tani 1.6 inabebeka na watu wawili, ya tani 3.2 ni nzito lakini ina nguvu kweli. Inakwenda polepole mno, mvuto mmoja wa mpini ni sentimita chache tu, lakini haihitaji betri wala injini, na unaifunga mbele, nyuma au ubavuni. Kwa ofisi yenye magari matatu na fedha ya kununua kifaa kimoja tu, ningenunua hiyo na puli, magari yote matatu yaitumie.

Ukifunga winchi ya umeme, toa waya wote kwenye pipa na uijaribu mwishoni mwa Oktoba, kabla ya mvua za Novemba. Viunganishi vya umeme vilivyolala kiangazi kizima huota kutu, na ni afadhali uligundue hilo uani Bariadi.