Leza, Madini ya Risasi na Maana ya Neno "Haikugundulika"

Mzazi anayenunua kitanda cha mtoto kilichopakwa rangi ya manjano hawezi kujua kwa macho iwapo rangi hiyo ina madini ya risasi. Hata hivyo mtoto anayeguguna ubao wa kitanda hicho humeza chembe zake, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa hakina madhara. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Kwa hiyo mlaji hulazimika kutegemea cheti cha maabara, na siku hizi baadhi ya vyeti hutokana na kipimo kinachotumia mwanga wa leza. Katika sura hii tunaeleza namna kipimo hicho kinavyofanya kazi na namna cheti chake kinavyopaswa kusomwa.

Kifaa hurusha mpigo wa leza unaodumu kwa sehemu chache tu za bilioni za sekunde. Lenzi huukusanya mwanga huo kwenye nukta ndogo kuliko ncha ya kalamu. Hapo chembe ndogo mno ya sampuli hugeuka mvuke, kisha huwa plasma, yaani gesi yenye moto mkali ambayo atomu zake zimepoteza baadhi ya elektroni. Joto lake laweza kupita nyuzi 10,000. Plasma inapopoa, atomu hutoa mwanga, na kila elementi ina mpangilio wake wa rangi usiofanana na wa elementi nyingine. Yeyote aliyepika akaona maji ya chumvi yakimwagikia moto wa gesi amekwisha kulishuhudia jambo hili: ndimi za moto hugeuka manjano, na manjano hayo ni ya sodiamu iliyomo katika chumvi. Risasi nayo hutoa, miongoni mwa mingine, mwanga wa zambarau wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 405.8. Kifaa huutafuta mwanga huo, hupima ukali wake, na kutokana na ukali huo hukadiria kiasi cha risasi.

Njia hii si ngeni. Ilielezwa mwaka 1962, miaka miwili baada ya leza ya kwanza kuwashwa, na chombo cha Curiosity kilichotua katika sayari ya Mirihi mwaka 2012 huitumia kupima miamba kutoka umbali wa mita kadhaa. Sifa yake kubwa ni kwamba sampuli haihitaji kuyeyushwa katika asidi. Chuma, mbao, udongo, au unga wa viungo uliogandamizwa kuwa kidonge hupimwa ulivyo. Aidha, kila mpigo huchimba kidogo. Mpigo wa kwanza husoma rangi mpya ya juu. Mipigo mingi mahali palepale hufikia rangi ya zamani iliyofunikwa, ambayo mara nyingi ndiyo yenye hatari. Cheti kinachotaja mpigo mmoja juu ya mlango wa nyumba kuukuu, kwa maoni yetu, hakijasema lolote kuhusu mlango huo.

Udhaifu wa njia hii umo katika kulinganisha. Kiasi kilekile cha risasi hutoa mwanga wa ukali tofauti kikiwa ndani ya rangi, ndani ya aluminiamu au ndani ya udongo. Kwa sababu hiyo kifaa hufanyiwa ugezi, yaani hulinganishwa na sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana tayari, na sampuli hizo sharti ziwe za aina moja na kile kinachopimwa. Kifaa kilichofanyiwa ugezi kwa vyuma kikielekezwa kwenye bizari kitatoa namba, tena kwa nukta za desimali, lakini namba hiyo haitegemeki.

Hapa tunafika kwenye neno linalowapotosha wengi. Kila kifaa kina kiwango cha chini kabisa kinachoweza kukitambua. Kikomo cha risasi katika rangi kinachopendekezwa kimataifa ni miligramu 90 kwa kila kilo ya rangi iliyokauka. Iwapo kifaa hakiwezi kutambua chini ya miligramu 150, basi rangi yenye miligramu 120 itaandikiwa "haikugundulika", ingawa imevuka kikomo. Mlaji asiridhike na neno hilo mpaka aone pembeni yake kiwango cha chini cha kifaa. Kisipoandikwa, aombe kiandikwe. Na kikiwa juu ya 90, aombe sampuli ipimwe upya kwa njia ya maabara yenye wepesi zaidi wa kutambua.

Kwa masufuria yanayosubuliwa kutokana na vyuma chakavu, tunaongeza tahadhari moja. Leza hueleza kilichomo ndani ya chuma, wala haielezi ni kiasi gani kitakachohamia kwenye mchuzi wa nyanya au ukwaju unaochemka humo. Kipimo cha uhamaji ni kingine: sufuria huwekewa maji yenye asidi kwa muda maalumu, kisha maji hayo ndiyo hupimwa. Muuzaji akionyesha cheti cha leza peke yake, aulizwe kilipo cha uhamaji.

Rangi inayoshukiwa isikwanguliwe ikiwa kavu wala isichomwe moto nyumbani ili kuijaribu, kwa kuwa vumbi na moshi wake huingia mwilini kwa urahisi. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji, mtoto ahamishiwe chumba kingine, na kipande kilichokwisha kubanduka chenyewe kitiwe katika mfuko safi, kifungwe na kupelekwa maabara.