Gobori la Namna Mpya na Shabaha ya Mbali

Gobori twalijua: baruti na risasi hushindiliwa kwa mdomo wa mtutu. Huko Marekani wawindaji wa ayala hutumia gobori la namna mpya, ambalo mfano wake mashuhuri ulitengenezwa na Tony Knight wa Missouri mwaka 1985. Wengine hulitia darubini, wakampiga mnyama aliye mbali yadi 200 au kupita.

Je, yafaa? Na tuhesabu. Risasi itokayo kwa mwendo wa futi 2,000 kwa sekunde hufika yadi 200 baada ya yapata theluthi ya sekunde. Katika muda huo hushuka zaidi ya futi 1, upepo huisukuma kando, na ayala aweza kupiga hatua. Iliyokusudiwa moyo ikaingia tumboni. Mpaka gobori lishindiliwe tena, mnyama amekwisha kimbia na jeraha, afe kwa maumivu, na nyama ioze bure.

Katika jimbo la Colorado darubini hairuhusiwi msimu wa magobori. Mwindaji hana budi kunyatia karibu.

Basi kanuni ni hii: kipimo si mahali risasi ifikapo, bali ni mahali mwindaji ana hakika ya kuua mara moja. Mwenye shaka na asogee, au aache. Aliyejeruhi na aifuate damu mpaka mwisho.